Jino bovu na unalipwa kwa 1099: tafuta bei kwanza, bima baadaye

Ndugu yangu wa Dallas, umesema unaendesha lori kwa 1099, yaani umejiajiri, si mwajiriwa wa kampuni, gego la chini limetoboka, daktari amekutajia dola 2,800 za kutibu mzizi na kuvika kofia, na unataka kujua bima ipi ya meno ununue wiki hii. Niko kwenye kazi hii hapa Marekani kwa miaka mingi na meno yangu nimeyatibia nikiwa safarini. Kwa jino hilo, bima haitakusaidia. Tafuta mahali pa bei nafuu, halafu bima uinunue kwa ajili ya meno yaliyobaki.

Bima nyingi za meno za kujinunulia zina kipindi cha kusubiri, mara nyingi miezi 6 hadi 12, kabla ya kulipia kazi kubwa kama mzizi na kofia. Ukishavuka hapo, kusafisha na kukaguliwa wanalipa zote, kuziba karibu asilimia 80, kazi kubwa nusu tu. Tena kuna kikomo cha mwaka, kwa kawaida kati ya dola 1,000 na 2,000, na kikiisha unamalizia mfukoni mwako. Wewe jino linauma sasa.

Pa kuanzia ni vituo vya afya vya jamii. Vinapata fedha za serikali kuu, viko kila jimbo, na havimfukuzi mtu kwa kukosa bima. Bei wanapanga kwa kipato chako na idadi ya watu nyumbani: ukiwa kwenye mstari wa umaskini wa serikali au chini yake unalipa kidogo sana, na kuanzia hapo hadi mara mbili ya mstari huo unapunguziwa kwa ngazi. Ingia findahealthcenter.hrsa.gov, andika zip code, kisha piga simu uulize kama wana daktari wa meno, maana si vyote vinaye.

Hapa ndipo madereva wengi wanapojitoa wenyewe. Mtu anatazama 1099 yake, anaona dola 180,000, anasema msaada huo si wa watu kama mimi. Lakini hiyo ni hela kabla ya mafuta, malipo ya lori, bima ya lori, matairi na gereji. Mimi dada wa mapokezi alipoiona 1099 alianza kutikisa kichwa. Nikampa fomu ya kodi, nikamwekea kidole kwenye mstari wa 31 wa Schedule C, karatasi ya hesabu za aliyejiajiri, pale inapoandikwa faida baada ya gharama. Akauliza nina watoto wangapi, akapiga hesabu upya, akaniweka kwenye ngazi ya punguzo. Kwa hiyo nenda na fomu ya kodi ya mwaka jana, usiende na 1099 peke yake. Kama kodi hujafaili, anza na hilo.

Kwa bahati hapo Dallas mna chuo cha meno cha Texas A&M. Wanafunzi wanatibu, walimu wao wanakagua kila hatua, na bei iko chini ya kliniki binafsi. Gharama yake ni muda: unakaa kwenye kiti saa nyingi na unarudi zaidi ya mara moja. Mwambie dispacha, anayekupangia mizigo, mapema, upange miadi iangukie kwenye mapumziko yako ya saa 34. Na usiende na tela ya futi 53, hakuna pa kuiegesha. Iache yadi, nenda na kichwa cha lori bila tela au gari dogo.

Ukishikwa na maumivu uko barabara kuu ya I-80, pale Walcott, Iowa, exit 284, kituo cha malori cha Iowa 80 kina daktari wa meno hapo hapo. Unaegesha unatembea kwa mguu. Natamani vituo vyote vikubwa vingekuwa hivyo.

Emajensi ya hospitali usiifanye kliniki ya meno. Watakupa antibayotiki na dawa ya maumivu, jino watakuachia, bili itakufuata nyumbani. Ila shavu au shingo ikivimba, ukapata homa, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, simamisha lori uende usiku huo huo. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaua.

Ukiandikiwa hydrocodone au oxycodone, usiimeze ukashika usukani. Zote mbili zimo kwenye vipimo vya dawa vya madereva vya DOT, idara ya uchukuzi ya serikali, tangu Januari 2018. Mwambie daktari unaendesha lori, umuulize kama ibuprofen pamoja na acetaminophen zinakufaa. Kwa jino zinafanya kazi vizuri sana.

Wenzetu wa Laredo, pale mpakani, watakwambia vuka Mexico ukatibiwe, ni rahisi. Ni kweli ni rahisi. Lakini kama kesi yako ya ukimbizi bado haijaamuliwa, usivuke hata kwa saa moja. Ukitoka bila kibali cha kusafiri, maombi yako yanahesabika umeyaacha. Nawaomba sana hapo, jino lisiwaharibie makaratasi.

Sasa bima. Chukua PPO, bima inayokuacha uchague daktari, yenye mtandao wa nchi nzima. DHMO, aina nyingine ya bima, inakufunga kwa daktari mmoja wa mtaani kwako, na wewe leo uko Memphis kesho Denver. Kwenye HealthCare.gov, soko la bima la serikali, huwezi kununua bima ya meno peke yake, lazima uchukue na ya afya kwa pamoja, na dirisha la kujiandikisha linafunguliwa 1 Novemba. Nje ya hapo unanunua moja kwa moja kwa kampuni, au kupitia OOIDA, chama cha madereva wenye malori yao, ukiwa mwanachama. Soma kipindi cha kusubiri kabla ya kusoma ada ya mwezi. Uliza pia kama wanalipia pengo la jino lililong'oka kabla hujajiunga, wengi hawalipi. Ada hiyo mpe mhasibu wako, aliyejiajiri anaweza kuikata kwenye kodi.

Jumatatu piga simu kituo cha afya kinapofunguliwa, uombe nafasi ya dharura, si ya kawaida, maana ya kawaida inaweza kuwa ya miezi ijayo. Picha ya eksirei uliyopigwa kwa yule wa dola 2,800 ni haki yako kupata nakala. Iombe leo uende nayo, usilipie nyingine.