Jabali tupu si jabali la bure: maswali yenu ya wiki

Jabali la kijijini kwetu, Chamwino, lilikaa miaka mitatu bila pimbi. Sasa naona wanaota jua tena asubuhi. Wametoka wapi?

Wametoka jabali la jirani. Panda kilima cha Mlimwa, Dodoma, utazame: vilima vya mawe vimetapakaa tambarare nzima kama visiwa. Kwa pimbi ni visiwa kweli. Juu kuna nyufa za kujificha. Chini kuna tai na mbwa. Kila kilima kina ukoo wake, na ukoo mdogo hufutika upesi: ukurutu, chui mmoja, mwaka mmoja wa njaa. Ila vijana, hasa madume, huhama kwao wakishapevuka. Wengi huliwa njiani. Wakifika dume na jike, kilima kinaanza upya.

Koo hizi zinazofutika na kuanzishana upya kwa pamoja huitwa metapopulesheni. Richard Levins, Mmarekani, alizipigia hesabu mwaka 1969, akiwaza wadudu waharibifu wa mazao.

Huku Nzuguni kuna kilima hakina mnyama yeyote. Ubaya gani tukikipasua kokoto?

Kokoto ni riziki, najua. Lakini ubaya upo. Tuseme kasi ya koo kufutika ni 0.1 kwa mwaka na ya kuhamia 0.4. Kwa hesabu ya Levins, vilima vyenye wanyama hutulia kwenye 1 − 0.1/0.4, yaani robo tatu. Hata mambo yakiwa mazuri, robo ni vitupu, na vinafaa kabisa. Sasa pasueni vilima hadi ibaki robo tu: ile 1 inakuwa 0.25, na 0.25 − 0.1/0.4 ni sifuri. Pimbi wanakwisha hata kwenye mawe ambayo hakuna aliyeyagusa, kwa sababu wanaohama hawana pa kufikia.

Hesabu hiyo huchukulia vilima vyote sawa, jambo ambalo mchunga mbuzi yeyote atalicheka. Ilkka Hanski wa Finland aliingiza ukubwa na umbali, akifuatilia vipepeo kwenye vipande vya majani takriban 4,000 visiwani Åland.

Na nyumbu wa Kwakuchinja?

Hao si metapopulesheni. Wanaopita kati ya Tarangire na Manyara ni nyumbu wale wale wakifuata majira. Ushoroba wao ulindwe, ila kwa sababu nyingine.

Dimbwi letu Bahi hukauka kabisa, lakini mvua ikinyesha kuna visamaki. Nao wamehamia?

Hapana. Mayai yao yalilala kwenye tope kavu kiangazi chote. Nyinyi mlipita juu yake.