Staa wa timu akizingua, mfungie mapema ila umwachie njia ya kurudi

Nasaidia ukocha wa futiboli ya Kimarekani kwenye chuo kimoja kidogo huku Ohio, na makocha wenzangu wa nyumbani mnaniulizaga sana, mchezaji mkali akizingua unamfanyaje? Toa adhabu haraka, ukishaitamka basi, usianze kuivutavuta.

Mcheki Chip Kelly. Septemba 2009, mechi yake ya kwanza kama kocha mkuu wa timu ya chuo kikuu cha Oregon, wamepigwa 19-8 na chuo cha Boise State, mpira umeisha, jamaa wa Boise anamchokoza LeGarrette Blount, mkimbiaji staa wa Oregon, na kumgonga bega, Blount anamtandika ngumi ya taya mbele ya kamera halafu anataka kuwafuata mashabiki jukwaani, ikabidi aburuzwe. Kesho yake tu Kelly kamfungia msimu mzima. Ila hakumtupa bana, skolashipu kabaki nayo, mazoezini anakuja, akapewa masharti ya masomo na tabia, Novemba akarudishwa na Januari 2010 akacheza Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya mwisho wa msimu. Jamaa baadaye kabeba Super Bowl tatu, yaani fainali ya ligi ya kulipwa.

Sasa njoo chuo cha Florida State 2014. Jameis Winston, staa mwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kapanda juu ya meza pale chuoni kapayuka matusi. Wakasema atakosa nusu ya mechi na chuo cha Clemson, watu wakapiga kelele, Ijumaa usiku ikawa mechi nzima. Jumamosi si akatoka kupasha na jezi na mapedi yote, kocha akamrudisha ndani akavue! Yaani hapo vijana wote wanajua adhabu inapangwa na kelele za nje.

Mimi namwita siku hiyohiyo, kapteni akiwepo, karatasi moja: kosa, mechi atakazokosa, afanye nini arudi. Anasaini. Mzazi akipiga simu namsomea hiyohiyo. Na mazoezini lazima aje, anabeba koni, anacheza upande wa akiba wanaoigiza wapinzani, maana ukimfukuza kabisa umempeleka mwenyewe kwa washkaji waliomharibu.

Alafu kocha, mikono yako nayo iangalie. Hapahapa Ohio, Woody Hayes alikuwa kocha mkuu wa chuo cha Ohio State misimu 28, kwenye Gator Bowl ya 1978, nayo mechi ya vyuo ya mwisho wa msimu, akamlima ngumi mchezaji wa Clemson aliyedaka pasi yao, na kesho yake hana kazi.