700D au D3300 ya mtumba kwa kazi ya kanisani na ruracio (sherehe ya mahari)? Piga hesabu ya lenzi kwanza

Umeuliza uchukue Canon 700D au Nikon D3300 kwa 45,000, na kwa nini picha za ndani zinakutoka na ukungu. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) zote mbili ni nzuri. Nikon ina megapikseli 24 na inastahimili giza kidogo zaidi. Canon ina 18, lakini kila lenzi ya EF (aina ya Canon) ina mota yake ndani, kwa hivyo yoyote ya mtumba utakayookota barabara ya Luthuli, Nairobi, itavuta fokasi yenyewe ikiwa nzima. D3300 haina mota kwenye bodi: ukiiwekea lenzi ya Nikon ya zamani kama 50mm f/1.8D utazungusha fokasi kwa mkono. Inayofaa ni AF-S, yenye G mwishoni. Ningechukua 700D.

Ukungu wako huenda unatoka kwa ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera. Ukiivuta hadi 55 haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), ilhali 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mahali ambapo ya kwanza inakulazimisha ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 6400 na shata (muda wa kupokea mwanga) 1/20 ya sekunde, ya pili inakupa ISO 3200 na 1/100. Usiuze 18-55 lakini. Kwa bodi hizi 50mm inabana kama ya 75 au 80 kwenye kamera ya sensa kubwa, na kwenye sebule iliyojaa wazee utagonga ukuta ukirudi nyuma. Hapo tumia 18mm na fleshi iliyoelekezwa juu kwenye dari nyeupe. Ndani ya hema hiyo haifanyi kazi: kitambaa kinameza mwanga, na kikiwa chekundu nyuso zote zinageuka nyekundu.

Kabla ya kulaumu kamera, kuza picha uiangalie. Ukuta ukiwa safi na mikono ya mhubiri imeburuzika, shata ni ya polepole. Kila kitu kikiwa kimeburuzika upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Sikio likiwa kali na jicho limefifia, ni fokasi: usiache kamera ijichagulie pointi, weka moja ya katikati, iweke juu ya jicho. Kwa f/1.8 hata kuinama kidogo baada ya kufokasi kunaharibu, na watu wawili wasiosimama sambamba hawatakuwa wakali wote. Nenda f/2.8 au f/4.

Mistari ya giza chini ya taa za LED ni jambo lingine. Stima yetu ni ya 50 Hz, taa zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo 1/100 au 1/50 kwa kawaida huiondoa. Kwa video weka PAL (mfumo wa video unaolingana na stima ya 50 Hz), fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Kamera nyingi za kutoka Marekani huja zimewekwa NTSC, mfumo wa 60 Hz, na watu huzilaumu bure.

Ukishawishiwa Canon 2000D au 4000D mpya, jua kwamba kiatu chake cha fleshi (pale juu inapowekwa fleshi) hakina ile pini ya katikati, na triga (vifaa vya kuwasha fleshi ya mbali) za bei rahisi zinazotegemea pini hiyo hazitafyatua.

Dukani, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi chache si kitu, ila nyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Piga karatasi nyeupe kwa f/16: madoa yanayobaki mahali pale pale ni uchafu wa sensa. Mengi hutoka kwa pampu ya mkono kioo kikiwa kimeinuliwa kwa menyu ya kusafisha, betri ikiwa imejaa. Usipulize kwa mdomo, mate hukauka juu ya sensa. Ujumbe wa hitilafu Err 01 kwa Canon mara nyingi ni viunganishi vichafu kati ya lenzi na bodi. Sugua kwa kitambaa kikavu laini. Ikirudi ukizungusha zumu, huenda waya wa ndani umekatika, na kwa 18-55 fundi atakula pesa kuliko thamani yake.

Idadi ya mibofyo ya shata kwa Nikon inasomeka ndani ya faili ya picha. 700D inahitaji kebo na programu ya kompyuta. Zote zimekadiriwa mibofyo 100,000. Maliza hayo kabla ya kutuma M-Pesa, na risiti iandikwe nambari ya bodi.