Mdogo wangu, huku ndiko dola ilikopata jina

Mdogo wangu, umeniuliza kama huku pesa inaokotwa, kama mji wangu unafika Lubumbashi kwa ukubwa, na kama nikutafutie njia ya kuja. Nimekawia kujibu kwa sababu sitaki kukudanganya kama nilivyodanganywa mimi.

Mji wenyewe ni Jáchymov, Ucheki, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani. Watu wake hawafiki 3,000. Ni barabara moja ndefu inayopanda bondeni, na nyumba nyingine huko juu hazina mtu. Mimi nafua mashuka kwenye nyumba ya tiba ya maji. Aliyenileta aliniahidi chumba cha bure. Mshahara wa kwanza nikaukuta umekatwa kodi, kitanda, hata koti la kazi. Miezi minne sikutuma kitu, na mama akadhani nimewasahau. Hilo ndilo lililoniuma kuliko baridi.

Sasa pesa. Hizo dola tunazolipia nyumba Likasi zilipata jina hapa. Mwaka 1516 waligundua madini ya fedha, na bwana wa eneo hili, Štěpán Šlik, akaanza kutengeneza sarafu. Kwa Kijerumani mji uliitwa Joachimsthal, yaani bonde la Yoakimu; sarafu ikaitwa joachimsthaler, watu wakafupisha thaler, na kutoka mdomo hadi mdomo ikawa dola. Miaka ya 1530 mji ulikuwa na watu kama 18,000, na katika Bohemia yote, yaani nchi hii ya Wacheki, ni Praha tu iliyouzidi. Georgius Agricola, aliyekuja kuandika kitabu kikubwa cha uchimbaji madini, alikuwa daktari hapa kuanzia 1527.

Madini ya fedha yakapungua. Likabaki jiwe jeusi, zito, lenye urani, ambalo wachimbaji walikuwa wakilitupa. Mabaki yake ndiyo yaliyopelekwa Paris kwa Marie Curie na mumewe, na mwaka 1898 wakagundua radiamu, madini yenye mionzi. Mji ukafufuka: 1906 wagonjwa wa viungo wakaanza kuogeshwa maji ya mgodini yenye mionzi, 1912 ikafunguliwa hoteli ya Radium Palace, na 1925 Marie Curie mwenyewe akaja kuutazama mji. Maji hayo yanapandishwa hadi leo kutoka mgodi wa Svornost, karibu mita 500 chini. Mashuka ninayofua ni ya watu waliotoka kuyaoga.

Na unajua nani aliwavunjia soko la radiamu? Shinkolobwe yetu, mgodi wa urani wa kwetu Kongo! Wabelgiji walipoanza kutoa radiamu kwenye jiwe la kwetu mwaka 1922, bei ikaanguka. Baadaye jiwe letu likaenda kwa Wamarekani, likaingia kwenye bomu la Hiroshima. La huku likaenda kwa Warusi.

Waliolichimbia Warusi wengi walikuwa wafungwa. Kuanzia 1949 hadi 1961 serikali ya hapa iliweka kambi kuzunguka mji huu, ikawafungia humo mapadri, wakulima, wanafunzi, yeyote iliyemwona adui. Mwaka 1950 ilikamata hata timu ya taifa ya magongo ya barafuni, mabingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Kipa wao, Bohumil Modrý, alichimba urani hapa. Alikufa 1963, hajafika miaka 50. Leo kuna njia ya miguu inayopita kwenye kambi hizo, inaitwa Jehanamu ya Jáchymov. Niliipita Jumapili moja, nikasoma vibao kimoja baada ya kingine, na mtu niliyekuwa nikimfikiria muda wote ni babu.

Kuja, njoo ukiwa na mkataba mkononi ulioandikwa mshahara na chumba, na uanze Kicheki sasa. Kifaransa chetu hapa hakikununulii mkate. Nitumie huo mkataba niusome kabla hujaweka sahihi.

Ila kwanza nifanyie hili. Nenda kwa babu na daftari. Muulize alishuka Shinkolobwe mwaka gani, walivaa nini, kile kikohozi kilianza lini, na wenzake wa zamu waliitwa nani. Yaandike majina yote, mdogo wangu, hata ya wale anaowakumbuka kwa jina la utani tu.