Kipande ninachokiruka

Mmeuliza: daktari akigundua mtoto ana tatizo la ukuaji, amwambie mzazi ukweli wote siku ya kwanza? Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja tu: amwambie yote, tena kwa Kiswahili. Lakini swali limenichoma, ngoja nieleze.

Mwanangu alipochomwa surua-rubela ya pili, miezi 18, kadi ya kliniki niliiweka kabatini kama wengi wenu. Uzito ulikuwa kwenye kijani, nihangaike na nini? Maneno yake yalikuwa mawili, "maji" na "taa". Baadaye "taa" ikapotea. Mama mkwe akasema watoto wa kiume huchelewa. Jirani akasema huo ni udata, ule uzi unaobana ulimi kwa chini, akatwe. Tukamkata kweli. "Taa" haikurudi.

Alipofika miaka minne tukapewa rufaa. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, mimi, mtoto na mama mkwe. (Baba yake alikuwa kazini, hata angekuja angebaki nje na simu yake.) Mtoto alivitoa vizibo vyake vya soda mfukoni akavipanga sakafuni, mstari umenyooka kama uzi, kila kizibo kimeangalia juu. Dada wa usafi akapita na mopu, akavizoa vyote. Zile kelele nisiwasimulie. Ndipo tukaingizwa kabla ya zamu yetu, na benchi zima likatuguna kwamba tumepenyeza.

Ndani daktari alikuwa na wanafunzi watatu. Akawaeleza kwa Kiingereza, muda mrefu, mmoja anaandika, mwingine anamtazama mwanangu chini ya meza. Kisha akanigeukia: "Mama, mtoto amechelewa kidogo. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa, daktari. Nilikuwa sijaelewa hata moja. Neno "usonji", lile tatizo la ukuaji linalogusa mawasiliano ambalo kwa Kiingereza ni autism, nilikuja kulisoma kwenye karatasi ya rufaa nyingine.

Kisa hiki nimekisimulia miaka mitatu sasa, na kila mara mimi ndiye niliyeonewa. Leo nikikiandika naona kuna kipande huwa nakiruka. Kabla ya kuwageukia wanafunzi wake, aliniuliza: anakuita mama? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Nikajibu anaita, anaonyesha, hakuna lililopotea. Nyumbani anaongea vizuri tu, daktari, hapa ameona ugeni. Mama mkwe alikuwa ubavuni pangu, na kwao walishasema kitu kama hicho hakijawahi kutokea upande wao. Ningesemaje mbele yake kwamba mwanangu hajawahi kuniita mama?

Na usonji hauna kipimo cha damu. Daktari hutazama mtoto na kumsikiliza mzazi. Mzazi mwenyewe ndiyo mimi.

Aliyetufumbua macho ni dada wa kitengo cha utengamao, wale wa mazoezi ya tiba, miezi kadhaa baadaye. Alitandika mkeka, akamwomba mama mkwe akapumzike nje kivulini, halafu akaniuliza: "Jana, tangu alipoamka mpaka akalala, alifanya nini?" Nadhani niliongea saa nzima. Jina la tatizo alilitaja mwishoni kabisa, na wakati huo nilishalijua mwenyewe.

Kwa hiyo nimebadili jibu. Siku ya kwanza daktari asiseme kitu, aulize tu, na aulize hivyo. Ingawa hapo nasema kama mtu ambaye hospitali aliweza kurudi. Mama aliyetoka kijijini kwa bodaboda na basi, nauli ya kukopa, huenda harudi tena. Huyo aambiwe yote siku hiyo hiyo, hata kama yote yenyewe bado ni wasiwasi tu, na aandikiwe neno lile kwenye karatasi kwa herufi zinazosomeka. Na wale wanafunzi sina neno nao, lazima wajifunze.

Kwangu mimi ingetosha mama mkwe angeagizwa chai nje.