Maswali yenu ya Mass Effect 2: kweli wameinyoa RPG yetu?

Maswali ya Mass Effect 2, gemu la anga za juu la aina ya RPG (unakuza mhusika wako kwa pointi na vifaa), yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka palepale, kwamba mbona sehemu ya pili imerahisishwa hivi ukilinganisha na ya kwanza. Nayachukua moja moja, mengine ntayapita haraka maana hayana mengi.

Mkuu, nimemaliza ya kwanza juzi nikaingia ya pili, natafuta inventori (begi la vitu) siioni. Iko wapi, au gemu langu bovu?

Gemu lako zima, inventori ndo haipo. BioWare, wenye kulitengeneza, waliing'oa. Kwenye ile ya kwanza ya 2007 ulikuwa unabeba vitu mpaka 150, bunduki za kila aina zenye namba I hadi X, deraya, vifaa vya kuongezea, aina za risasi, na kila sanduku unalofungua linakutapikia vingine. Ukijaza ndo unaijua adha yake: vita imeisha, unafungua kabati ukutani, unaambiwa umejaa, basi hapohapo unaanza kushuka kwenye listi ndefu unageuza bastola namba III kuwa omni-gel (malighafi ya kukarabatia), moja, nyingine, nyingine tena, na nusu ya hayo makorokoro hujawahi hata kuyavaa. Ya pili (2010) bunduki ni chache kwa kila aina, ukipata mpya inabaki ya kikosi, unachagua kabla misheni haijaanza au ukikuta kabati la silaha njiani, imeisha hiyo. Kuboresha unaenda maabara kwa Mordin, mwanasayansi wa kikosi, ukilipia utafiti wa shotigani basi shotigani zote zinapanda nguvu. Mimi hapo nawaunga mkono, ingawa ile raha ya kuokota kitu kikali kwa bahati nasibu imeondoka nayo na hakuna kilichokuja kuijaza.

Zamani bunduki haiishi risasi, inapata moto tu unasubiri ipoe. Sasa kila saa nimeishiwa! Huko ndo kurahisisha?

Hapana, hapo wameongeza ugumu wakauita maendeleo, haha. Hadithi yenyewe inasema baada ya matukio ya gemu la kwanza majeshi yakahamia kwenye klipi za kubeba joto, kwa kuwa kutoa klipi na kuweka nyingine ni haraka kuliko kusubiri. Sawa, lakini klipi zikiisha kwa nini isipoe yenyewe kama zamani? Halafu nenda misheni ya Jacob, mwenzako wa kikosi, ya kumtafuta baba yake, meli ya anga imeanguka miaka kumi nyuma, watu wamekwama huko muda wote huo, na klipi mpya zimetapakaa chini kibao. Nani alizipeleka?

Ila ukiweka hadithi pembeni mimi naona kimchezo inafanya kazi. Kwenye ya kwanza ukishapata silaha za Spectre, zile kali kabisa, ukazifunga vifaa vya kupunguza joto, unabonyeza kitufe cha risasi huachii mpaka chumba kinyamaze. Sasa inabidi utoke ulikojificha ukaokote klipi, snaipa ikikauka ushike bastola, ukumbuke kwamba una pawa (nguvu maalum) pia. Na kama unacheza Legendary Edition ya 2021, toleo lililoboreshwa la gemu zote tatu, klipi zinadondoka zaidi kuliko toleo la mwanzo, kwa hiyo ungeiona ile ya zamani ungelia.

Adept wangu (mhusika anayetegemea pawa) ana skili sita tu na moja ya ziada. Mistari yote ile ya pointi imekwenda wapi? Naona kama wametufanya watoto.

Hili ndo swali lenyewe na hapa nataka nikae kidogo. Ile mistari ya zamani ilikuwa na nafasi 12 kila mmoja, ni kweli, lakini jiulize pointi nyingi zilikuwa zinakupa nini, asilimia kidogo ya hiki, asilimia kidogo ya kile, hata huhisi kama umepanda. Sasa kila skili ina ngazi nne, ya kwanza inakula pointi moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne, jumla kumi, na ukifika ya nne unachagua tawi moja kati ya mawili. Huo ni uamuzi unaouhisi vitani.

Halafu kuna jambo watu hawalioni. Zamani kila pawa ilikuwa na muda wake wa kupoa, kwa hiyo unazimwaga zote mfululizo, adui anaelea hewani hajui kimempata nini, na Lift, pawa ya kuinua adui, ilikuwa inambeba karibu kila mtu. Sasa ukitumia moja zote zinasubiri. Na adui ana ngao, au deraya, au barrier (kinga nyingine tena), na vikiwa bado vipo Pull yako, pawa ya kumvuta, haimbebi. Pawa za kuvunjia ni hizi: Overload ya ngao, Incinerate ya deraya, Warp ya deraya na barrier. Ukicheza Insanity, ugumu wa juu kabisa, kila adui anakuja na kinga yake, hata yule wa kupita tu. Kwa hiyo hesabu iko hivi: mwenzako apige Overload ngao ivunjike, wewe unamvuta na Pull, akielea tu unamtandika Warp, mlipuko unawapata na waliosimama jirani. Ukikosea mpangilio umekaa nyuma ya ukuta unasubiri pawa zipoe huku wanakufuata. Huo si mchezo wa watoto, ni kwamba kufikiri kumetoka kwenye menyu kumehamia kwenye vita. Anayependa menyu zake ana haki ya kununa.

Kaka, siku hizi hakuna pa kuweka pointi za Charm (ushawishi wa upole), na Miranda na Jack wa kikosi changu walipogombana chaguo la bluu la kuwapatanisha likafifia, nikapoteza uaminifu wa mmoja. Nimekosea wapi?

Dada yangu, pole, hiyo imewakuta wengi. Charm na Intimidate (ya vitisho) hazinunuliwi tena kwa pointi. Gemu linaangalia Paragon (upole) au Renegade (ukali) uliyoipata ukilinganisha na ile ambayo ungeweza kuipata mpaka ulipofika, kwa hiyo ukiwa mpole leo mkali kesho unaishia huna nguvu upande wowote. Na kadiri unavyotembea sehemu nyingi ndo kipimo kinavyopanda. Dawa ni kuchagua upande mapema na kuzimaliza misheni za hao wawili mapema, maana ugomvi unakuja baada ya zote mbili kuisha. Hii mimi siipendi hata kidogo. Wamefuta menyu moja halafu wakaificha hesabu nyuma ya pazia, sasa unalipa deni ambalo hukuonyeshwa.

Mako, gari letu la kuzunguka sayari, imekufa tukapewa kuskani sayari. Kuna aliyefurahi?

Sijamsikia. Mako ilikuwa inapanda milima kwa kubiringika lakini angalau ulikuwa umetua kwenye sayari, unaona mbingu ya ajabu juu yako. Sasa unasogeza duara taratibu juu ya picha ya sayari, mistari ya skana ikiruka unarusha probu (chombo cha kuchimba), unarudia. Usiache lakini, maana madini ndo yanalipia deraya, ngao na mzinga wa meli, na usipovinunua hivyo vitatu kuna watu watakufa kabla hata hamjatua kwenye misheni ya mwisho. Ushauri wangu: nunua mapema utafiti wa kuongeza kasi ya skana, chimba sayari zilizoandikwa Rich tu, zingine ruka.

Naua watu sipati XP (pointi za uzoefu), kwa nini?

Inakuja kwa mkupuo misheni ikiisha. Ukiua wote au ukipita mbio kiasi ni kilekile, kwa hiyo acha kuzunguka kutafuta wa mwisho.

Ya tatu wamerudisha vitu au wameendelea kunyoa?

Wamerudisha kiasi. Mass Effect 3 (2012) skili zina ngazi sita na matawi yanaanzia ya nne, vifaa vya kufunga kwenye bunduki vimerudi, viwili kwa kila moja, na bunduki zina uzito unaochelewesha pawa kupoa. Ukiwa Adept acha hayo mabunduki makubwa kwenye meli, beba bastola moja nyepesi uone pawa zinavyorudi chapchap.