Ukiamka, Usigeuke: Jinsi ya Kuikamata Ndoto Kabla Haijapotea

Ndoto nyingi hupotea katika dakika ile ya kwanza, mkono unapopapasa kutafuta simu. Kwa hiyo ukizinduka, kaa vile vile ulivyolala. Kama macho bado yamefumba, yaache. Usijiulize leo ni siku gani wala kama nauli ipo. Jiulize tu: sasa hivi nilikuwa wapi?

Kinachojitokeza huwa ni kipande cha mwisho. Kishike, kisha rudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa na nani? Nilifikaje? Usipopata picha yoyote, tafuta hisia. Umeamka na hofu, aibu au kicheko? Hisia hudumu kuliko picha, na mara nyingi huivuta picha nyuma yake. Dakika mbili zikipita bila kitu, geukia polepole ubavu mwingine ambao huwa unaulalia, utulie tena.

Haraka hii ina sababu. Tunapoota, noradrenalini, kemikali inayousaidia ubongo kuweka kumbukumbu, huwa imeshuka sana. Ndoto inabaki imeshikiliwa kwa uzi, na wazo la kwanza la mchana huukata.

Saa za kulala nazo zina neno. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko una kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope. Ndoto zilizo wazi zaidi huja hapo. Cha kwanza ni kama dakika 10 tu, lakini vya alfajiri huweza kufika nusu saa au zaidi. Sasa fikiria mtu wa Githurai anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na nusu ili aipite foleni ya Thika Road. Amekata sehemu iliyojaa ndoto, halafu anasema yeye haoti. Mtu huyo aanze na Jumamosi au Jumapili, bila alamu. Siku za kazi, achague mlio wa chini unaopanda taratibu. Mlio wa kushtua hufukuza kila kitu.

Weka daftari na penseli karibu na mto. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma ukiandika chali. Simu si rafiki hapa: ukiiwasha tu, ujumbe wa chama unakungoja. Ukilazimika kuitumia, iache katika hali ya ndege usiku kucha, urekodi sauti kwa kunong'ona.

Anza na maneno matatu hadi matano: "mto, shangazi, kiatu kimoja." Ukianza na sentensi nzuri, mwisho wa ndoto utakuwa umeyeyuka kabla hujafika aya ya pili. Ukishayapata, ndipo uandike kwa kirefu, kana kwamba jambo linatokea sasa. Kama shangazi alisema Kikamba, andika Kikamba. Mahali pa ajabu pachore. Ubongo hupenda kuziba mapengo, basi usilo na hakika nalo litilie alama ya kuuliza. Na ukiamka saa nane za usiku, andika hata maneno mawili gizani, kwa herufi kubwa. "Nitakumbuka asubuhi" ni uongo.

Wapo wanaoshauri kunywa maji mengi ili kibofu kikuamshe. Ni kweli utaamka, ila kama choo cha ploti kiko nje, ukirudi kitandani ndoto imebaki njiani.

Pombe na bangi hupunguza usingizi ule wa ndoto. Dawa kadhaa za sonona pia, lakini usiziache bila kuongea na daktari. Anayesumbuliwa na jinamizi baada ya tukio baya amwone mshauri kwanza, daftari lisubiri.

Asubuhi isiyo na kitu, andika tarehe na "hakuna". Jipe wiki mbili. Kabla ya kuzima taa soma ndoto tatu za mwisho, ujiambie mara moja kwamba ukiamka hutageuka.